Kitabu cha Kale Kiuzwe na Kasoro Zake

Kasugho, katika teritori ya Lubero mashariki mwa Kongo, kuna chuo kikuu kinachofundisha uhifadhi wa mazingira, jirani na Hifadhi ya Tayna na gorila wake. Kwa msomaji wa huko, kitabu cha kale kuhusu wanyama na misitu si pambo la kabati. Mbuga ya Albert ilianzishwa mwaka 1925. Utafiti alioufanya humo G. F. de Witte kuanzia 1933 hadi 1935 ukachapishwa Brussels kijitabu baada ya kijitabu. Kazi kubwa ya George Schaller juu ya gorila wa milimani ikatoka 1963. Anayetafuta nakala za chapa hizo za kwanza mtandaoni hawezi kuzishika wala kuzifunua. Anayo maneno ya muuzaji tu, na mara nyingi maneno yenyewe ni haya: “hali nzuri kwa umri wake.”

Maelezo ya namna hiyo huficha zaidi kuliko yanavyoeleza. Umri hugeuza karatasi kuwa ya manjano na kuleta madoa ya kahawia, lakini haung'oi ramani. Kitabu cha msafiri Stanley cha 1890, In Darkest Africa, kinachosimulia safari iliyopitia bonde la Semliki na miguu ya Ruwenzori, kilitoka kwa juzuu mbili pamoja na ramani za kukunjwa. Zikikosekana, majalada hubaki yakimeta, na anayetaka kufuata njia ile amenunua hasara. Muhuri wa maktaba nao humkera mkusanyaji, ilhali mwanafunzi haumsumbui hata kidogo. Ndiyo maana neno la sifa haliwafai wote wawili. Orodha ya kasoro huwafaa. Wauza vitabu wenyewe walilijua hili: viwango vilivyochapishwa na jarida la Kimarekani AB Bookman's Weekly mwaka 1949 vilitaka hata kitabu cha daraja la “kizuri” kiwe na kurasa zote, na kasoro zake zitajwe.

Wapo watakaosema muuzaji si mtaalamu. Kuhesabu kurasa na michoro hakuhitaji utaalamu. Wengine watasema picha zinatosha, lakini picha ya jalada haionyeshi mshono uliolegea ndani wala haitoi harufu ya ukungu. Kurudisha mzigo? Kutoka Kasugho hadi Butembo, kisha Kasindi na Kampala, nauli yaweza kuzidi bei ya kitabu. Sheria ya Kongo ya mikataba, dekreti ya 30 Julai 1888, humbebesha muuzaji kasoro zilizofichika. Kumshitaki mtu aliye Ulaya kwa ajili ya kitabu kimoja ni jambo jingine.

Kwa hiyo uliza kabla ya kutuma pesa, na udai jibu la maandishi: kurasa zote zipo? Ramani na michoro ni mingapi? Kuna muhuri, ukungu, sehemu iliyobandikwa upya? Muuzaji asiyetaka kuhesabu kurasa asipewe pesa yako.