Kwa Nini Sisimizi Hawezi Kuwa Superman

Toleo la kwanza la jarida la katuni la Action Comics, la Juni 1938, ndilo lililowajulisha watoto wa Marekani kwa Superman. Waliombuni, Jerry Siegel na Joe Shuster, walijua msomaji mdogo atauliza: nguvu zake zinatoka wapi? Wakamjibu kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Sisimizi, walieleza, hubeba mzigo unaozidi uzito wake mara nyingi, na panzi huruka mbali kuliko urefu wa mwili wake. Basi si ajabu kuwepo mtu mwenye uwezo kama huo.

Ni hoja tamu, na watoto wengi wangali wanaikuta vitabuni hadi leo. Tatizo ni kwamba Galileo alikuwa ameshaibomoa miaka 300 kabla, katika kitabu chake cha mwaka 1638, alipoonyesha kwamba mnyama hawezi kukuzwa tu kama picha. Akikua, mifupa yake lazima inenepe kupita kiasi, la sivyo itavunjika.

Sababu yake ni hesabu ya shule ya msingi. Nguvu ya msuli hutegemea unene wake, yaani eneo unaloliona ukiukata katikati. Uzito hutegemea ujazo. Urefu ukiongezeka mara 2 bila umbo kubadilika, eneo huongezeka mara 4, lakini ujazo huongezeka mara 8. Uzito daima huipita nguvu mbio.

Tumchukue sisimizi wa milimita 5 anayebeba mara 30 ya uzito wake, tumkuze hadi mita 1.5, kimo cha mwanafunzi wa darasa la saba. Urefu wake umeongezeka mara 300. Nguvu za misuli zimeongezeka mara 90,000, lakini uzito umeongezeka mara milioni 27. Miguu iliyokuwa ikimudu mizigo mizito sasa inamudu takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wenyewe. Jitu letu halinyanyui gari. Halinyanyuki hata lenyewe. Tena lingekosa pumzi, kwa kuwa wadudu hawana mapafu: hewa huwafikia kupitia vijibomba vyembamba mwilini, njia inayofaa umbali mfupi tu.

Je, hadithi imekufa? Hapana, ndiyo kwanza inanoga. Mgeuze shujaa: badala ya kumkuza mdudu, mpunguze mtoto awe kama sisimizi. Hesabu ileile sasa inampendelea. Anabeba mizigo inayomzidi uzito, na akiteleza kutoka juu ya mnazi anatua salama, kwa sababu mwili mdogo una eneo kubwa la kuzuiwa na hewa ukilinganisha na uzito wake. Lakini na yeye ana adui: maji. Mwanasayansi Mwingereza J. B. S. Haldane alilieleza jambo hili mwaka 1926: mtu akitoka kuoga hubaki na maji ya karibu nusu kilo mwilini, wala hayasikii, panya aliyelowa hubeba maji yenye uzito kama wake, nzi aliyelowa hubeba mara nyingi ya uzito wake, na yumo hatarini. Kwa shujaa wetu mdogo, umande wa asubuhi ni jambo la kufa na kupona. Mwandishi gani atakosa sura nzima hapo?

Spider-Man naye, mpanda kuta aliyezaliwa katika katuni mwaka 1962, amekwishapimwa kwa mizani hiyohiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, akiwemo David Labonte, walilinganisha nyayo za viumbe wanaopanda kuta, kuanzia utitiri hadi mjusi. Mjusi wa jamii ya wale wa majumbani ndiye mkubwa kuliko wote wanaotumia nyayo za kunasa. Mjusi aina ya tokay ana takriban vinywele 500,000 katika kila wayo, na kila kimoja hugawanyika tena kuwa ncha mamia, ndogo kiasi cha kuvutana na ukuta bila gundi yoyote. Mtu akitaka kufanya vivyo hivyo, asilimia 40 ya ngozi yake ingelazimika kuwa ya kunasa. Akitegemea nyayo peke yake, angevaa kiatu namba 145 kwa kipimo cha Ulaya.

Wala si lazima kila shujaa wa watoto atoke New York. Chini ya ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia anaishi fuko asiye na manyoya, mwenye ngozi iliyokunjamana na meno yaliyochomoza. Huyu huweza kupitisha miaka 30, umri usiotarajiwa kwa mnyama wa ukubwa wa panya. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba anastahimili dakika 18 bila oksijeni kabisa. Siri yake ni kubadili chanzo cha nishati ya mwili: ubongo na moyo wake huacha kutegemea glukosi na kutumia fruktosi, sukari inayochomwa bila oksijeni. Hakuna mchoraji katuni aliyehitajika kubuni hilo.

Mwelekeo mzuri umeshaanza. Super Sema, katuni ya studio ya Kukua iliyozinduliwa Machi 2021 huku Lupita Nyong'o akiwa mmoja wa wazalishaji wakuu, ina binti wa Kiafrika anayemkabili adui aliye roboti kwa sayansi, teknolojia na ubunifu. Lakini rafu za vitabu vya Kiswahili bado zina nafasi tele kwa mashujaa wa aina hii.

Kwa mwandishi anayetaka kuijaza nafasi hiyo, sharti ni moja: jiruhusu uongo mmoja tu. Mpunguze mtoto, mpe pumzi ya fuko au nyayo za mjusi. Baada ya hapo kila kitu kifuate sheria za maumbile, hata zinapomtesa shujaa. Mtoto anayepiga hesabu kujua kama shujaa wake atapona tayari anafanya sayansi.