Vitabu vya siri za ukoo: tuvisome namna gani?

Waseminari fulani wametuuliza: Je, inafaa mtu anayejitayarisha kuwa padri asome vitabu vinavyofunua siri za jamaa na mambo ya kale yaliyofichwa? Wanaogopa kwamba vitabu vya namna hiyo vinaamsha chuki na kuvunja heshima ya wakubwa. Hofu yao si ya bure. Lakini sisi tunajibu: visomwe. Hata Agano Jipya, ukurasa wake wa kwanza kabisa, ni kitabu cha namna hiyo.

Kwani Matayo anaanza na nini? Anaanza na orodha ya mababu wa Yesu Kristu. Tunaisikia kila mwaka tarehe 17 ya mwezi wa Desemba, na tunajua wasomaji wanaoikimbia kama mtu anayeruka juu ya mawe ya mto, ili wafike upesi kwa Yosefu. Wanaruka, na hawaoni wale wanawake wanne. Tamari alijifunika uso akakaa kando ya njia kama kahaba, kwa sababu Yuda, baba mkwe wake, alikuwa amemnyima haki yake. Naye akapata watoto kwa Yuda huyo huyo (Mwanzo 38). Rahabu alikuwa kahaba wa Yeriko. Ruta alikuwa mgeni, mtu wa Moabu. Na wa nne? Jina lake Betsabe halikuandikwa. Matayo anasema tu kwamba Davidi alimzaa Solomono kwa yule aliyekuwa mke wa Uria. Angeweza kuandika “Davidi akamzaa Solomono” na kunyamaza, wala hakuna mtu ambaye angemlaumu. Lakini alitaka Uria atajwe, yule askari aliyeuawa kwa barua ya mfalme wake. Basi mtu aliyedhulumiwa amepata nafasi ndani ya ukoo wa Mkombozi, ingawa hakumzaa mtu yeyote humo.

Lakini tuangalie vizuri: Matayo huyo huyo anaacha majina. Kati ya Yoramu na Uzia wamekosekana wafalme watatu, Ahazia, Yoasi na Amazia, ili hesabu ya vizazi 14 itimie. Si uwongo, ni namna ya watu wa kale ya kupanga ukoo kwa kusudi fulani. Wazee wetu nao wanapotaja mababu wanafupisha, wanaunganisha, wanamwacha huyu na kumtukuza yule. Jan Vansina, Mbelgiji aliyekaa kwa Wakuba katika Kasai, aliandika juu ya jambo hilo katika kitabu chake cha 1961 juu ya mapokeo ya mdomo: orodha ya mababu inafuata pia mahitaji ya watu wanaoishi leo. Kwa hiyo mbele ya kila kitabu cha ukoo msomaji aulize: nani aliyeipanga orodha hii, kwa faida ya nani, na ni nani aliyeachwa nje?

Sasa tuje kwetu. Mwaka 2014 Assumani Budagwa alitoa kwa Kifaransa kitabu juu ya metisi wa Kongo, Rwanda na Burundi wakati wa ukoloni, yaani watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama mweusi. Serikali ya kikoloni haikutaka watoto hao wakue vijijini. Wengi waliondolewa kwa mama zao wakawekwa katika misioni, kama Katende katika Kasai na Save katika Rwanda. Wengine walibadilishwa majina. Karibu na mwaka wa uhuru, watoto wa Save kwa mamia walipelekwa Ubelgiji na kugawanywa katika jamaa za huko, na ndugu wa tumbo moja wakatengana. Mwaka 2017 Maaskofu wa Ubelgiji waliomba msamaha. Mwaka 2019 serikali ya Ubelgiji ikafanya vile vile. Tarehe 2 Desemba 2024 korti ya rufaa ya Brussels ilihukumu kwamba serikali hiyo ilitenda kosa juu ya utu wa binadamu kwa kuwanyang'anya mama zao wasichana watano, kila mmoja kabla hajafikisha miaka saba.

Tunayaandika haya katika gazeti la waseminari kwa sababu nyumba zilizowapokea watoto hao zilikuwa nyumba zetu. Masista waliwalisha, waliwafundisha, wengi wao kwa moyo mwema, hilo tusilifute. Lakini mlango uliofungwa nyuma ya mama ulikuwa mlango wa misioni. Msomaji asiyeweza kushika mambo haya mawili pamoja atasoma vibaya: ama atalikasirikia Kanisa lote, ama atafunga kitabu na kusema kwamba ni maneno ya maadui.

Asome pia karatasi kwa akili. Karatasi ikisema “baba hajulikani”, aulize: hajulikani kwa nani? Mara nyingi kijiji kizima kilimjua.

Hapa makatekista na mapadri wana kazi yao, kwani kitabu cha batizo ni kitabu cha ukoo kuliko vyote tulivyo navyo. Kanuni 877 inaagiza yaandikwe majina ya mbatizwa, ya mbatizaji, ya wazazi, ya wasimamizi, na ya mashahidi kama wapo, pamoja na mahali na siku ya ubatizo na ya kuzaliwa. Kwa mtoto wa mama asiyeolewa, jina la mama linaandikwa kama umama wake unajulikana wazi, ama yeye mwenyewe akiomba kwa hiari, kwa maandiko au mbele ya mashahidi wawili. Jina la baba linaandikwa kama kuna hati ya serikali, ama yeye mwenyewe akikiri mbele ya paroko na mashahidi wawili. Basi katekista asiandike baba kwa kusikia maneno ya sokoni; wala asimfute mama kwa aibu ya jamaa. Na yaliyosikiwa katika kitubio hayaingii katika kitabu chochote, hata kama yangemsaidia mtu kujua baba yake.

Siku moja mzee alifika kwetu kutoka mbali. Alikuwa na kikaratasi chenye mwaka na jina lake la ubatizo tu. Tulifungua kitabu, mchwa walikuwa wamekula ukingo, na mahali pa wazazi palikuwa peupe. Lakini jina la mama msimamizi lilisomeka, pamoja na kijiji chake. Mzee akatuomba tulisome mara ya pili, polepole, akaliandika nyuma ya kikaratasi chake. Kisha akauliza kama barabara ya kwenda kijiji kile bado inapitika.