Msumeno wa Kupasulia Mbao: Ukubwa Upi Wafaa? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulizungumza juu ya miti yenyewe, ile iliyozeeka katika mashamba ya Kwale tangu Waa na Tiwi hata Msambweni na Ramisi, tukaonyesha kwamba mwembe ulioacha kuzaa au mnazi uliovunjwa kilele na upepo una thamani nyingine baada ya matunda yake, mradi mwenyewe apate njia ya kuupasua mbao badala ya kuuchoma makaa. Leo, kama tulivyoahidi, twaingia katika chombo cha kazi hiyo, yaani msumeno wa mnyororo, ambao mafundi wetu huuita pawa, nasi tutajitahidi kulijibu suali tuulizwalo kuliko mengine yote: mtu atakaye kupasua mbao anunue msumeno wa ukubwa gani?

Sharti kwanza tutenganishe kazi mbili ambazo wengi huzichanganya. Kuangusha mti na kukata magogo ni kuzikata nyuzi za mti kwa kukingama. Mnyororo hupita upesi, fundi huvuta pumzi, na injini nayo hupumzika kabla ya kuitwa tena. Kupasua mbao ni kuzifuata nyuzi hizo tangu mwanzo wa gogo hata mwisho wake, na gogo la futi nane, likiwa pana, laweza kuitaka injini itoe nguvu zake zote kwa dakika kadhaa pasina kituo, katika jua la adhuhuri la Ukunda, huku vumbi la mbao likiziba matundu ya kupitishia hewa. Injini ya cc 90 ya msumeno mzuri hutoa nguvu za farasi zipatazo saba, ambazo hazipungui sana zile za bodaboda ndogo. Lakini bodaboda hupozwa na upepo wa mwendo wake na ina oili yake mahali pake, ilhali msumeno hupozwa na feni ndogo tu, na hulainishwa na ile oili kidogo iliyochanganywa na petroli. Basi mwenye msumeno mdogo akiulazimisha kupasua, aghalabu huuona ukienda vizuri katika ubao wa kwanza na wa pili, kisha injini hunoki, na gharama ya pistoni na silinda mpya yakaribia bei ya msumeno mwingine. Ukubwa wa injini watakiwa hapa kwa ajili ya kustahimili joto, wala mtu asiutafute kwa fahari. Na hata aliye na injini kubwa hasamehewi kuchanganya oili kwa kipimo kilichoagizwa na kiwanda, ambacho kwa viwanda vingi ni sehemu moja kwa sehemu 50 za petroli, wala kuhakikisha kwamba kabureta haiinyimi injini mafuta, kwani injini yenye njaa ya petroli ndiyo iunguayo kwanza.

Mnyororo nao una elimu yake. Meno yaliyoenea duniani leo asili yake ni mdudu: mwaka 1946 huko Oregon, Marekani, mkata miti Joseph Cox alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna kisiki, akaona taya zake zikila mti kwa kwenda kulia na kushoto, mara kukingama na mara kufuata nyuzi, na mwaka uliofuata akaanza kuuza mnyororo wenye meno yaliyoiga taya hizo. Kwa kukata kwa kukingama, jino hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi. Kwa kupasua, pembe hupunguzwa hata ikafika digrii 10 au chini yake, ili jino liukwangue mti kwa usawa na kuacha uso laini. Mtu aweza kuibadili pembe hiyo mwenyewe kwa tupa na subira, wala hana haja ya kuagiza mnyororo wa kupasulia kutoka ng'ambo. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona watu wakitoa fedha nyingi kwa injini kubwa, kisha wakaitia mnyororo butu wa kukatia kuni, na msumeno mkubwa wenye meno butu ni joto tupu na moshi.

Mintarafu ya misumeno yenyewe, majina yatajwayo na mafundi si mengi. Stihl ya Ujerumani, kampuni aliyoianzisha Andreas Stihl mjini Stuttgart mwaka 1926, ilitoa 070, msumeno wa cc 106, mzito, wa mwendo wa pole na nguvu nyingi, ambao umetumika sana katika misitu ya nchi za joto. Na ina MS 661 ya cc 91, na MS 881 inayozidi cc 121. Husqvarna ya Uswidi ilitoa 3120 XP, ambayo cc zake zakaribia 119. Nakala nyingi za 070 zilizotengenezwa Uchina huuzwa kwa bei nafuu, na wengine huridhika nazo, lakini mnunuzi na ajue kwamba 070 ya zamani haina breki ya mnyororo wala mipira ya kupunguza mtetemo, na mtetemo huo, ukizoewa miaka mingi, huharibu mishipa ya vidole hata vikafa ganzi. Kabla ya kulipa, aulize pia kama vipuri vya msumeno huo vyapatikana Mombasa au Ukunda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafundi wengi, ambao hupima unene wa mti na kisha hutaka msumeno wa kuumeza. Rai yangu ni kwamba kipimo ni upana wa ubao utakaouzwa. Seremala wa Msambweni atengenezaye vitanda, milango na makabati hutaka mbao za inchi 6, 8, au 12 kwa nadra. Mwembe uliozidi mita moja kwa unene, ukikatwa kwanza katikati kwa kuingiza msumeno kutoka pande zote mbili, kisha kila nusu ikapasuliwa robo, hutoa mbao hizo zote kwa msumeno wa cc 90 wenye ulimi, yaani lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo, wa sentimita 60 au 75, na fundi aweza kuubeba siku nzima. Msumeno wa cc 120 ulio na ulimi wa zaidi ya mita moja ni wa mtu mwenye mteja aliyekwisha kuagiza ubao mmoja mpana usiounganishwa, kama zile meza nzito zipendwazo na mahoteli ya Diani. Asiye na mteja huyo ataubeba uzito wa kilo kumi na zaidi kwa ajili ya mbao atakazozichana tena ziwe nyembamba. Ajuaye hesabu aongeze pia kwamba fremu ya kupasulia, ile ya kupimia unene wa ubao, ikifungwa kwenye ulimi, hula sentimita kumi hivi za urefu wake, basi ulimi uwe mrefu kuliko upana unaokusudiwa.

Mnazi, ambao ndio mti mwingi zaidi kwetu, hautaki msumeno mkubwa hata kidogo. Unene wake ni sentimita 30 hivi, na cc 70 zautosha. Lakini una tabia mbili zinazomtaka fundi hadhari. Ya kwanza, ugumu wake uko nje na ulaini uko ndani, kinyume cha miti mingi, kwa hiyo mbao za thamani hutoka ubavuni karibu na gamba, na kiini chake hakifai kujengea. Ya pili, nyuzi zake zina chembe za silika, ambayo ndiyo asili ya mchanga, nazo hula meno ya mnyororo upesi ajabu; apasuaye minazi na apunguze fedha ya injini aiongeze katika minyororo ya akiba na tupa. Mvule nao huficha ndani yake mawe ya chokaa ambayo hayaonekani mpaka jino limekwisha kuvunjika. Na mwembe wa uwanjani, pamoja na utomvu wake unaowasha ngozi, hubeba misumari ya vizazi, ya kutundikia taa, ya kamba za nguo, ya mabango ya uchaguzi; sumaku ya bei ndogo ikipitishwa juu ya gamba kabla ya kazi huokoa mnyororo wa bei kubwa.

Yanipasa niseme wazi juu ya israfu, maana ndilo jambo linaloniuma. Mnyororo hufungua njia ya milimita tisa hivi katika mti, na yote hugeuka vumbi. Mbao kumi za milimita 25 zahitaji njia tisa kati yake, ambazo ni milimita 81, yaani zaidi ya mbao tatu zimepotea kwa kila kumi. Msumeno wa ukanda wa kiwandani ungepoteza ubao mmoja hivi tu. Hasara hiyo haiepukiki kwa mwenye msumeno wa mnyororo, ila iko nyingine iepukikayo. Mafundi wetu wengi hupasua kwa mkono mtupu, wakiufuata uzi uliotiwa oili chafu, na ijapokuwa ustadi wao ni wa kustaajabisha, ubao hutoka mnene huku na mwembamba kule, na seremala huumaliza kwa randa. Fremu ya chuma yenye kupimia unene, ambayo fundi wa kuchomelea aweza kuitengeneza akionyeshwa mfano, pamoja na ubao ulionyooka wa kuongozea njia ya kwanza na kabari za kuizuia isijifunge, huokoa mti mwingi kuliko kuongeza cc 30 katika injini. Anayechagua kati ya msumeno mkubwa bila fremu na wa wastani ulio na fremu, achague wa pili.

Sheria nayo isisahauliwe. Tangu Februari 2018 hata Julai 2023 serikali iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, mti wa shambani ulizidi kutafutwa. Lakini mti kuwa wako hakukuondolei wajibu wa kupata kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, kabla ya kusafirisha mbao. Na miti ya kaya, yaani ya misitu mitakatifu, haiingii katika hesabu hii kabisa: Kaya Kinondo, iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda, haina mvule wa kupasuliwa.

Atakayenunua anunue pia vizibo vya masikio, miwani, barakoa na suruali ya kukinga miguu, kwani vumbi la mvule hudhuru kifua na ngozi. Mbao za mwembe, zikilundikwa mbichi katika hewa yetu ya pwani, hupata ukungu wa samawati kwa muda wa siku chache tu. Namna ya kuzipanga na kuzikausha tutaieleza juma lijalo, inshallah.