Mawimbi Yasiyogongwa Muhuri

Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya Wakongo kupiga kura ya kumpata mrithi wa Joseph Kabila, simu za Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilibakiwa na kazi moja: kupiga na kupokea. WhatsApp ilinyamaza, Facebook ikafuata, na hata ujumbe mfupi wa maandishi, ule wa kizamani usiohitaji intaneti, haukufika ulikotumwa. Barnabé Kikaya Bin Karubi, mshauri wa rais, hakuzunguka mbuyu. Matokeo ya kubuni yalikuwa yanasambazwa mitandaoni, alisema, na serikali ilitaka kulinda utulivu mpaka tume ya uchaguzi itangaze ya kwake. Nchi ikakaa hivyo kwa karibu wiki tatu.

Lakini Goma si Kisangani, iliyo ndani kabisa ya nchi. Ukiifuata barabara inayopita kando ya Ziwa Kivu unafika Grande Barrière, na ukishagongewa muhuri uko Gisenyi, wilaya ya Rubavu, Rwanda. Hii ndiyo njia ya magari na ya wenye pasipoti. Wachuuzi wa mboga, unga na maziwa hupita zaidi Petite Barrière, kaskazini kidogo, kwa makumi ya maelfu kila siku. Katika wiki hizo tatu, wakazi wa Goma walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuvuka, kufungua simu Gisenyi, kusoma, kutuma na kurudi. Ya pili haikuhitaji muhuri: kuweka laini ya Rwanda ndani ya simu na kubaki Kongo, kwenye mtaa ulio karibu na mpaka. Kinshasa nako watu walifanya vivyo hivyo, wakidaka mawimbi ya Brazzaville kutoka ng'ambo ya mto.

Hiyo njia ya pili ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake mna somo zima la nguvu ya serikali na mahali inapokomea.

Simu ikiwashwa, kabla ya kusema lolote, husikiliza. Kila mnara hutangaza mfululizo utambulisho wake, na tarakimu tatu za mwanzo ni za nchi: 635 ni Rwanda, 630 ni Kongo. Laini iliyotolewa Kigali huitafuta 635 kwanza. Simu haina habari kwamba mwenye nayo amesimama juu ya udongo wa Kongo, wala haioni kizuizi wala bendera. Inachopima ni kama mawimbi ya mnara wake yana nguvu ya kutosha.

Na pale Grande Barrière yana nguvu. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliokatwa na mstari. Nyumba zimejengwa hadi mpakani pande zote mbili. Mawimbi ya megahezi 900, yenye urefu wa sentimita 33 hivi, hupenya kuta na hupinda kidogo kwenye pembe za majengo vizuri kuliko yale ya 1,800, ambayo urefu wake ni nusu. Upande wa kusini ziwa limelala tambarare, halina kilima cha kuyazuia. Katika mfumo wa GSM, ule wa kizazi cha pili, mnara mmoja unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa kilomita 35. Kikomo hicho hakitokani na mawimbi kuchoka. Kinatokana na saa. Simu nyingi hutumia masafa yaleyale kwa zamu fupi sana, kwa hiyo simu iliyo mbali huamriwa ianze kutuma mapema kidogo ili sauti yake ifike mnarani ndani ya zamu yake. Amri hiyo ina hatua 63, na kila hatua ni kama mita 550. Zidisha, utapata kilomita 35 kasoro kidogo.

Mitaani kikwazo huja mapema zaidi ya hapo, na huanzia upande wa simu. Mnara hupaza sauti, simu hunong'ona: wati 2 kwa juu kabisa katika GSM ya megahezi 900, na kama wati 0.2 tu katika 4G. Ndiyo maana mtu anaweza kuona vijiti vya mtandao vimesimama kwenye kioo na bado ujumbe wake usiondoke. Anausikia mnara, mnara haumsikii. Akipanda ghorofani, au akisogea dirisha linalotazama Gisenyi, huenda ukaondoka.

Sasa turudi kwa aliyezima. Watu wengi hudhani serikali inapozima intaneti kuna waya unaokatwa au minara inayonyimwa umeme. Kazi ni nyepesi kuliko hivyo. Amri huandikwa kwenda kwa kampuni za simu, ambazo Kongo ni chache: Vodacom, Airtel, Orange, Africell. Ndani ya kila kampuni, sauti na data hupita njia mbili tofauti, na data za wateja wote, wawe Goma au Lubumbashi, hukusanywa kwenye malango machache kabla ya kutoka nje kwenda kwenye intaneti ya dunia. Ukifunga malango hayo, minara yote inaendelea kuwaka, vijiti vinaendelea kuonekana, na hakuna kinachopita. Ujumbe mfupi una kituo chake peke yake, nacho huzimwa kivyake. Hiyo ndiyo sababu mwaka ule Wakongo waliweza kupigiana simu lakini si kuandikiana.

Ukilielewa lango hilo, unaelewa pia ufa wake. Laini ya Rwanda inayonasa mnara wa Gisenyi hailifikii kabisa lango la Kongo. Na hata laini ya kigeni inayotembelea mnara wa Kongo, kwa kawaida, data zake hufungwa kama kifurushi na kupelekwa moja kwa moja hadi kampuni yake ya nyumbani, zikatokee huko. Mwenyeji anaweza kukizuia kifurushi hicho akitaka, ila lazima akumbuke.

Kwa hiyo amri iliyoandikwa Kinshasa haikuinyamazisha Kongo nzima kwa kipimo kimoja. Iliigawa nchi kwa umbali na kwa mfuko. Mkazi wa Goma mwenye laini ya Rwanda na pesa za kuweka salio aliendelea kusoma. Mtu wa Walikale, zaidi ya kilomita 100 magharibi, nyuma ya milima ya Masisi, alisubiri aliyesoma ampigie simu amsimulie. Habari iliyoandikwa inaweza kusomwa upya, kulinganishwa, kukaguliwa tarehe na chanzo. Ikishapita midomo mitatu kwenye simu ya sauti inakuwa kitu kingine. Serikali ilisema inapambana na uvumi, na zana iliyochagua iliwaachia watu njia ileile ambayo uvumi huipenda.

Tena kulikuwa na jambo kubwa la kusoma. Tarehe 10 Januari 2019 tume ya uchaguzi, CENI, ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa asilimia 38.57, akifuatiwa na Martin Fayulu mwenye karibu 34.8. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, lilisema matokeo hayo hayalingani na waliyoyaona. Tarehe 15 Januari gazeti la Financial Times la London lilichapisha uchambuzi wa takwimu zilizovuja, zilizobeba asilimia 86 ya kura, zikimpa Fayulu asilimia 59.4. Mahakama ya Katiba ililikataa pingamizi la Fayulu usiku wa kuamkia tarehe 20, na intaneti ikarudi siku hizohizo. Hesabu za gazeti zinaweza kubishaniwa na zilibishaniwa. Lakini mabishano yenyewe yalifanyika London, Brussels na Johannesburg huku wapiga kura wenyewe wakiwa wamefungiwa nje ya mlango, isipokuwa wale walioishi jirani na nchi nyingine.

Hapo mtu wa Gisenyi ana haki ya kuniuliza: na redio je?

Ni swali zito, na katika mji huu si la nadharia. Radio Télévision Libre des Mille Collines, RTLM, ilianza kurusha matangazo Julai 1993 na mwaka uliofuata ikatumika kuwachochea watu kuwaua Watutsi, mara nyingine kwa kutaja majina na mahali walipojificha. Jeshi la waasi wa RPF lilipoingia Kigali mwanzoni mwa Julai 1994, watangazaji walikimbia na kurusha tena kutoka hapahapa Gisenyi, siku chache kabla mamia ya maelfu ya watu hawajamiminika Goma kupitia mpaka huu. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura, ni mzaliwa wa Gisenyi. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji hayo, ilimtia hatiani Desemba 2003 pamoja na Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM.

Wakati mauaji yanaendelea, kulikuwa na pendekezo Washington la kuyavuruga mawimbi ya RTLM kwa ndege. Waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa tarehe 5 Mei 1994 ulilikataa: ndege ingegharimu karibu dola 8,500 kwa saa, na palikuwa na vikwazo vya kisheria vya kuingilia utangazaji wa nchi nyingine. Sijui hoja ya kisheria iliyowahi kutumika vibaya zaidi ya hapo.

Miaka 20 baadaye vilima vya Rwanda vilitoa ushahidi wao. Mchumi David Yanagizawa-Drott alikokotoa ni vijiji vipi vilivyofikiwa na mawimbi ya RTLM na vipi vilivyokingwa na mlima, akalinganisha na idadi ya walioshtakiwa kwa mauaji kila mahali. Utafiti wake, uliochapishwa mwaka 2014, ulikadiria kwamba kama asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji ilitokana na matangazo hayo. Mwanasayansi wa siasa Scott Straus, aliyewahoji wauaji magerezani, alikuwa ameonya kabla yake kwamba redio haikuwa chanzo kikuu. Wengi walisukumwa na viongozi na majirani waliokuja mlangoni ana kwa ana. Tafiti hizi mbili hazigombani sana kama inavyosemwa. Asilimia 10 ya janga lile ni maelfu ya watu, na asilimia 90 iliyobaki ilienda kwa mdomo na kwa amri.

Ninachoona hapo ni kwamba kunyamazisha kituo kimoja kinachotaja watu wa kuuawa, na kufunga malango ya nchi yenye watu zaidi ya milioni 80 ili wasisome hesabu za kura, ni vitendo viwili visivyo na undugu. Kimoja kinamlenga msemaji anayejulikana kwa tendo linalojulikana. Kingine kinawaadhibu wasikilizaji wote kwa jambo ambalo bado halijatokea. Katiba ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, haivitenganishi vitendo hivyo: ibara yake ya 34 inaipa nchi haki ya kukata mawasiliano yanayoonekana hatari kwa usalama wake, na mwenye kuona ni nchi yenyewe. Mahakama ndizo zilizoanza kuchora mstari. Januari hiyohiyo ya 2019, Mahakama Kuu ya Zimbabwe iliamua kwamba waziri aliyeagiza intaneti ya nchi hiyo ifungwe hakuwa na mamlaka hayo. Juni 2020 mahakama ya ECOWAS iliikuta Togo na hatia ya kukiuka uhuru wa kujieleza kwa kuzima intaneti mwaka 2017.

Mkongo aliyelikwepa lango la Kinshasa kwa laini ya Rwanda alikuwa ameingia, bila kufikiri sana, katika mfumo mwingine wa mamlaka. Laini za Rwanda husajiliwa kwa kitambulisho au pasipoti. Rwanda haina mazoea ya kuzima intaneti ya nchi nzima. Uchumi wake umeegemea mno intaneti hiyo. Hufunga kurasa kadhaa, kama ilivyofanya Agosti 2019 ilipoyazuia magazeti ya Uganda, yakiwemo Daily Monitor na New Vision. Na zaidi ya hapo humfuata msemaji. Sheria ya makosa ya mtandao ya Agosti 2018 inamtishia kifungo cha miaka 3 hadi 5 anayechapisha kwa makusudi uvumi unaoweza kuleta hofu, uasi au vurugu, au kumvunjia mtu heshima. Septemba 2021 Yvonne Idamange, mnusurika wa mauaji ya 1994 aliyeikosoa serikali katika video zake za YouTube, alihukumiwa miaka 15 kwa mashtaka ya kuchochea uasi na mengineyo. Novemba mwaka huohuo Dieudonné Niyonsenga, mwenye chaneli ya Ishema TV, alipewa miaka 7.

Mpinzani wa lango anahitaji laini na dirisha linalotazama upande sahihi. Dhidi ya daftari la usajili na hakimu, fizikia haisaidii kitu. Mawimbi yanafika vizuri kabisa, ila mtu amejinyamazisha mwenyewe kabla ya kuandika. Kama mhandisi angeniuliza ni mfumo upi umeundwa kwa ustadi zaidi, ningelazimika kuutaja wa Kigali, na nisingeusifu.

Goma yenyewe imebadilisha mikono tangu hapo. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka mji, wakiwa sehemu ya muungano wa AFC, na wakazi wa upande wa Kongo wa Grande Barrière wakajikuta na mwenye mamlaka mpya wa kumsoma. Kiongozi wa kisiasa wa muungano huo ni Corneille Nangaa, yuleyule mwenyekiti wa CENI aliyesimama Januari 2019 kusoma matokeo ambayo Wakongo wengi hawakuruhusiwa kuyajadili kwa maandishi.