Tendaguru: bahari ilipokuja na kuondoka

Kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kina sifa duniani kwa mifupa ya dinosaria, ambao Watanzania huwaita mijusi wakubwa. Miamba iliyohifadhi mifupa hiyo ina habari nyingine: miaka milioni 150 hivi iliyopita, bahari ilifika hapo na kurudi nyuma mara kadhaa.

Miamba mashapo huanza kama mchanga, tope na makombe yaliyotuama, yakashindiliwa na uzito wa yaliyokuja juu yake. Ufukoni mawimbi hubakiza mchanga. Tope huelea hadi kwenye kina kilichotulia. Mbali zaidi, tope la mito lisipofika, hujikusanya chokaa ya viumbe vya baharini. Bahari ikipanda, ufuko husogea bara: tope hufunika mchanga wa zamani, kisha chokaa hufunika tope. Ikishuka, mchanga hurudi juu, na nchi iliyobaki kavu humomonyolewa na mvua, ikaacha pengo kati ya matabaka. Mwaka 1894 Mjerumani Johannes Walther alitoa kanuni yake: matabaka yaliyopandana bila pengo yalituama katika mazingira yaliyokuwa yamepakana.

Tendaguru yapo matabaka makuu matatu ya mifupa, kwa sehemu kubwa ya tope lililotuama kwenye nyanda za pwani na wangwa. Kati yake yamelala matabaka ya mchanga yenye makombe na konokono wa baharini, alama kwamba bahari ilifika hapo. Kati ya 1909 na 1913, mamia ya wachimbaji Waafrika waliifukua mifupa hiyo kwa ajili ya jumba la makumbusho la Berlin, ambako mjusi mmoja amesimamishwa kwa urefu wa zaidi ya mita 13. Umri wa mifupa hiyo ulikadiriwa kwa msaada wa viumbe vya baharini vya matabaka ya jirani, vinavyolinganishwa na vya nchi nyingine.

Kupanda na kushuka kwa bahari hakukukoma. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika sehemu kubwa za kaskazini ya dunia, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Unguja iliungana na bara; Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo unaoitenga na bara ni wa kina kirefu. Miaka 125,000 hivi iliyopita, bahari ilikuwa juu ya ilipo leo kwa mita kadhaa. Iliposhuka, iliacha matumbawe nchi kavu. Juu ya mwamba wa matumbawe ndiko ilikojengwa Ngome ya Yesu, Mombasa, kuanzia mwaka 1593.