Kambi ya Vijana wa Kiyahudi

Hebu fikiri. Una miaka 15. Siku moja bibi yako anakuita chumbani, anafunga mlango, anakuambia polepole: "Mjukuu wangu, sisi ni Wayahudi. Usimwambie mtu." Utamwuliza nani habari zaidi?

Mambo kama hayo yamewapata vijana wengi wa Ulaya ya Mashariki. Katika Vita Kuu ya Pili, serikali ya Hitler wa Ujerumani iliua Wayahudi wapatao milioni 6. Kutoka Hungaria peke yake, mwaka 1944, Wayahudi zaidi ya 400,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na kupelekwa kuuawa. Kazi hiyo mbaya ilichukua wiki nane tu! Baadhi ya waliopona walibadili majina na kuacha sala. Watoto wao hawakuambiwa kitu. Serikali za kikomunisti zilizofuata nazo hazikupenda dini.

Serikali hizo zilianguka, ya Hungaria mwaka 1989. Mwaka 1990 ikafunguliwa kambi ya vijana wa Kiyahudi huko Szarvas, mji mdogo wa Hungaria ulio kando ya maji. Tangu hapo vijana huenda huko wakati wa likizo, kutoka nchi nyingi: Poland, Romania, Bulgaria, hata Israeli na Marekani. Wanakaa karibu wiki mbili.

Je, wanaelewanaje? Lugha ni nyingi mno, kwa hiyo wapo wakalimani. Pengine mikono nayo inasaidia. Lakini nyimbo ni za Kiebrania, na hizo wote wanajifunza pamoja.

Ijumaa jua likizama, Sabato inaanza. Mishumaa inawashwa, mkate unabarikiwa. Kazi hakuna mpaka nyota zitoke Jumamosi. Nyama ya nguruwe hailiwi (hapo Waislamu wataelewa upesi), wala nyama haichanganywi na maziwa.

Kumbe anayefundisha mambo hayo mara nyingi si mzee, ni kijana aliyepita kambini hapo hapo miaka ya nyuma! Sisi tunaona hilo ndilo jambo kubwa. Mwalimu unaweza kumsikiliza tu ukasahau. Lakini kijana wa Poland akikutana na mwenzake wa Romania, naye bibi yake alificha vile vile, basi wataongea mpaka usiku.

Na wakirudi nyumbani, baadhi yao ndio wanaomfundisha mama kuwasha mishumaa ya Ijumaa.