Vyuma vimeshanunuliwa, ramani je?

Wanachuo wenzangu, wengi wetu tumekulia katika nyumba zilizojengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, matofali mwaka kesho, mabati Mungu akijalia. Likizo iliyopita nilimkuta mzee anataka kuukata mwembe wa kiwanjani kwetu, kwa sababu ramani aliyolipia inaweka chumba cha wageni pale pale mti uliposimama. Nikamwambia, "Baba, tuubakize." Akaniuliza, "Na nondo nilizonunua nizipeleke wapi?" Sikuwa na jibu.

Jibu nimelipata chuoni, tena nikitafuta kitu kingine. Kwenye kozi ya vifaa vya kufundishia tulionyeshwa filamu fupi ya mwaka 1977, Powers of Ten, inayofafanua ukubwa wa ulimwengu kwa kuongeza sifuri moja moja. Nikataka kujua waliotengeneza ni akina nani. Kumbe ni mke na mume, Charles na Ray Eames wa Marekani. Charles alisomea usanifu majengo, Ray alikuwa mchoraji. Na nyumba waliyojijengea wenyewe inajulikana dunia nzima.

Mambo yalianza mwaka 1945. Jarida la Arts & Architecture la California, chini ya mhariri John Entenza, lilianzisha mpango wa nyumba za mfano. Vita vilikuwa vinaelekea kwisha, askari wangerudi, na nyumba hazikutosha. Wasanifu wakaombwa wachore nyumba za familia kwa kutumia vifaa vya kiwandani. Nyumba namba 8 ikawa ya akina Eames, kwenye mteremko wa Pacific Palisades, Los Angeles, juu ya bahari.

Ramani ya kwanza Charles aliichora pamoja na rafiki yake Eero Saarinen. Nyumba ingetoka kilimani kama daraja na kuning'inia juu ya uwanda wa nyasi. Vyuma vikaagizwa, lakini baada ya vita vilikuwa adimu, hivyo vikachelewa sana. Wakati wa kusubiri, mke na mume wakawa wanaenda kiwanjani, wanakula chakula chao pale, wanakaa. Wakaupenda ule uwanda. Wakagundua kwamba nyumba yao ndiyo ingeuharibu.

Vyuma vilipofika mwaka 1948, hawakuvirudisha. Walichora upya wakitumia karibu vyuma vile vile. Nyumba wakaisogeza pembeni, ikaegemea kilima nyuma ya mstari wa mikaratusi. Gharama yake? Ilibidi kilima kichimbwe na kujengewa ukuta wa zege wa kuzuia udongo, wenye urefu wa kama mita 60. Lakini uwanda ukabaki. Ramani mpya ikatoa maboksi mawili ya ghorofa mbili, moja la kuishi na moja la kazi, na ua katikati.

Sasa inasimamaje? Fikiria mwamvuli: mbavu zinabeba, kitambaa kinafunika tu. Nyumba zetu nyingi za tofali, ukuta ndio unaobeba paa, kwa hiyo hubomoi ovyo. Hapa mzigo wote uko kwenye nguzo nyembamba na mihimili ya chuma. Mapengo yakajazwa vioo na paneli bapa, nyingine zikapakwa nyekundu, buluu, nyeusi na nyeupe. Imeandikwa kwamba mafundi watano walisimamisha fremu kwa saa 16 tu.

Tusidanganyane, mpango ule haukuzaa nyumba za kila mtu kama ulivyokusudiwa. Ila hii ilikalika kweli. Walihamia mwishoni mwa 1949 wakaishi humo hadi mwisho: Charles alifariki Agosti 21, 1978, na Ray tarehe hiyo hiyo miaka kumi baadaye. Januari 2025 moto mkubwa ulipoteketeza sehemu kubwa ya Pacific Palisades, moshi uliingia ndani, lakini nyumba ilibaki imesimama.

Juzi nikampigia mzee. Baada ya shikamoo nikamweleza habari ya vyuma vilivyotumika kwa ramani nyingine. Akacheka: "Hao Wazungu walikuwa na hela ya ukuta wa zege." Kweli. Lakini kwetu hakuna kilima cha kuzuia. Nondo hazijakatwa, msingi haujachimbwa, na chumba cha wageni kikihamia upande wa barabarani, mwembe utakitia kivuli sebule mchana kutwa. Nikamwomba kabla ya kumwita fundi akakae chini ya ule mti siku moja nzima, asubuhi hadi jioni, aone jua linavyozunguka.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jumapili sina kazi."